Safu ya Alhamisi

Mwaka 1991 Walt Mossberg alikuwa na kazi ambayo waandishi wenzake wengi mjini Washington wangeipigania. Alikuwa na umri wa miaka 44, ameajiriwa na gazeti la The Wall Street Journal tangu 1970, na kwa miaka kadhaa alikuwa akiandika habari za Pentagon, usalama wa taifa na mambo ya nje. Ukuta wa Berlin ulikuwa umeanguka juzijuzi. Vita vya Ghuba vilikuwa vimekwisha mwanzoni mwa mwaka uleule, na Umoja wa Kisovieti ulikuwa unapumulia mashine. Kwa mwandishi wa habari za dunia, huo ulikuwa wakati wa neema. Mossberg akaenda kwa wakubwa wake, akaomba atolewe huko na badala yake apewe safu ya kila wiki ya kuandika kuhusu kompyuta za watu wa kawaida.

Lilikuwa ombi la ajabu. Kwenye gazeti kubwa mtu hupanda ngazi: anaanzia habari za mahakama ya mwanzo au bei za sokoni, na akijaliwa siku moja anaandika habari za vita na mawaziri. Aliyekwisha kufika Pentagon haombi ashushwe akaandike kuhusu printa. Lakini Mossberg alikuwa na mazoea ambayo wakubwa zake walikuwa hawayatilii maanani. Tangu alipojinunulia Timex Sinclair mwanzoni mwa miaka ya 1980, kikompyuta cha bei ya chini kilichotumia televisheni kama kioo chake, alikuwa amezoea kukaa jioni akichokonoa mashine. Na katika kuchokonoa huko aliona jambo ambalo waandishi wa kompyuta wa wakati ule hawakuwa na sababu ya kuliona, kwa kuwa wao wenyewe walikuwa mafundi.

Inabidi tukumbuke kompyuta ya mwaka 1991 ilivyokuwa, maana anayesoma haya kwenye simu anaweza kudhani watu wa zamani walikuwa wavivu tu wa kujifunza. Ukiiwasha, ilikukaribisha kwa kioo cheusi, herufi moja, alama mbili tatu, na kistari kinachopepesa. Basi. Haikusema ufanye nini. Ulitakiwa ujue amri, na uziandike bila kukosea hata nafasi. Faili lilipewa jina lisilozidi herufi nane na tatu za nyongeza, hivyo barua ya kwa mama mkwe ilibidi uiite BARUAMAM na uombe Mungu ukumbuke maana yake baada ya mwezi. Diski ikigoma, mashine ilikuuliza uchague moja kati ya matatu: kukatisha, kujaribu tena, au kushindwa. Hebu fikiria chombo ulichokinunua kwa mshahara wa miezi kinakuuliza kama ungependa kushindwa.

Na hilo lilikuwa afadhali. Balaa kubwa lilikuwa kumbukumbu. Hata kama ulilipia megabaiti nne, programu nyingi za mfumo wa DOS zilibanana ndani ya kilobaiti 640 za kwanza, kwa sababu ya uamuzi wa kiufundi uliofanywa IBM ilipounda kompyuta yake ya kwanza ya mtu binafsi, iliyotoka mwaka 1981. Mchezo wa mtoto ukikataa kufunguka, baba alitakiwa kufungua faili liitwalo CONFIG.SYS, ahamishe mstari huu, afute ule, azime kompyuta, aiwashe, aone kama kilobaiti mbili tatu zimepatikana. Majarida kama Byte na PC Magazine yalikuwa manene kwa matangazo na yalijaa maelekezo ya namna hiyo. Yaliandikwa na watu wanaofurahia fumbo kwa ajili ya wengine wanaofurahia fumbo. Mwalimu, mwenye duka, mzee aliyestaafu aliyetaka tu kuandika barua na kupanga hesabu zake, hawakuwa na gazeti lao.

Tarehe 17 Oktoba 1991, siku ya Alhamisi, safu ya kwanza ya Mossberg ikatoka. Sentensi yake ya kwanza ilimwambia msomaji kwamba kompyuta ni ngumu mno kuitumia, na kwamba kosa si lake. Leo maneno hayo hayamshtui mtu. Siku ile yaligeuza upande wa lawama. Kwa miaka kumi wauzaji na mafundi walikuwa wamewashawishi wanunuzi kuwa mashine ni sahihi na binadamu ndiye mjinga. Muda si mrefu baadaye vingetoka hata vitabu vya mafunzo vilivyojivunia kuwaita wasomaji wao majuha. Mossberg akasema kwenye gazeti la matajiri na wenye viwanda kwamba bidhaa mbovu ni bidhaa mbovu, hata ikiwa na waya nyingi ndani.

Mimi naamini alichojifunza Detroit kilimsaidia kuliko alichojifunza Pentagon. Alianzia kazi huko, mji wa magari, akiwa kijana aliyetoka kumaliza shule ya uandishi ya Columbia. Detroit ilikuwa inauza vyuma vyenye maelfu ya vipuri kwa watu wasiojua hata kimoja, na hakuna aliyeona aibu kwa hilo. Mtu anakaa kwenye usukani, anageuza ufunguo, anaondoka. Gari likizimika njiani, anamlaumu aliyelitengeneza. Mwandishi aliyetoka katika biashara hiyo alipoingia kwenye biashara ya kompyuta hakuona fumbo la kufurahisha. Aliona kiwanda kinachokwepa wajibu wake.

Jinsi alivyofanya kazi haikuwa na maajabu. Makampuni yalimkopesha vifaa, yeye akaishi navyo. Hakufungua kompyuta kwa bisibisi, na hakujaza safu kwa majedwali ya kasi. Aliichomoa kwenye boksi, akatazama itachukua muda gani kabla haijaweza kufanya kitu cha maana, akaipeleka nyumbani, akaandikia, akasafiri nayo. Betri ndiyo aliyoipima kwa ukatili. Watengenezaji walikuwa na desturi ya kutangaza saa nyingi za chaji kwa kupima katika mazingira ambayo hayapo: mwanga wa kioo umepunguzwa, intaneti imezimwa, mtu haigusi. Mossberg alizima vibana matumizi vyote, akaweka mwanga hadi mwisho, akaacha intaneti wazi, akapiga muziki mfululizo mpaka mashine izimike yenyewe. Kompyuta nyingi zilianguka mtihani huo. Ndiyo maana iPad ilipokuja mwaka 2010 na Apple ikadai chaji ya saa 10, watu walisubiri kusikia kwake. Akaipima kwa video zilizofuatana bila kukatika, ikafika saa 11 na dakika 28. Nambari hiyo ilikuwa tangazo ambalo Apple isingeweza kulinunua.

Isingeweza kulinunua kweli, na hapa kuna jambo la kuwagusa waandishi wa kwetu. Yeyote aliyewahi kuhudhuria mkutano wa waandishi wa habari Dar es Salaam au Nairobi anaijua bahasha: nauli, posho, “ya maji”, inayotolewa mwishoni wakati kinasa sauti kimezimwa. Katika uandishi wa teknolojia bahasha ina sura nzuri zaidi. Ni simu ambayo hakuna anayekumbuka kuidai irudishwe, au tiketi ya ndege na siku nne hotelini kwenda kushuhudia uzinduzi. Ni punguzo la bei, au mwaliko wa kuhutubia wafanyakazi wa kampuni kwa malipo. Mossberg aliandika tamko la maadili na kuliweka hadharani. Hakupokea fedha wala bidhaa za bure kutoka kwa kampuni alizoziandikia, hakulipiwa safari, hakuwa na hisa hata moja katika kampuni hizo, wala katika mifuko ya uwekezaji iliyolenga teknolojia. Hilo la mwisho si dogo: huyu ni mtu aliyepitia miaka ya 1990 yote akiona majirani wakitajirika kwa hisa za kampuni ambazo yeye alizijua kuliko wao. Alikiri kitu kimoja tu, kwamba mara mojamoja hupokea fulana ya bure, na kwamba mkewe hapendi azivae kwa sababu anaona zina sura mbaya.

Aliendelea kuishi karibu na Washington. Hakuhamia California. Wakuu wa makampuni ndio waliopanda ndege kumfuata, wakiwa na begi la sampuli na kijana wa kuzionyesha. Jarida la Wired lilipomwandika mwaka 2004, lilimpa sifa ya mtawaza wafalme. Kabla ya hapo, mwaka 1999, alikuwa ameshapata tuzo ya Loeb, inayoheshimika sana kwa waandishi wa habari za biashara. Nguvu ya namna hiyo ni rahisi kuitia chumvi, kwa hiyo afadhali tuitazame mahali ambapo ilionekana wazi.

Mwaka 2001 Microsoft ilikuwa inaandaa Windows XP. Ndani yake, katika kivinjari chake cha intaneti, ilitia kitu ilichokiita Smart Tags. Wazo lake lilikuwa hivi: unasoma ukurasa wowote, wa gazeti lolote, na kompyuta inapigia mstari maneno fulani, majina ya kampuni, ya miji, ya timu. Ukipeleka kishale kwenye mstari huo, kinafunguka kidirisha chenye viungo vya kukupeleka kwingine, vikiwemo vya huduma za Microsoft yenyewe. Mwenye ukurasa hakuombwa ruhusa. Mwandishi aliyeandika makala yake kwa jasho lake angekuta msomaji anaonyeshwa mlango wa kutokea katikati ya aya, na mlango huo umefungwa bawaba na kampuni ambayo tayari ilikuwa ndani ya kompyuta nyingi mno duniani.

Kiufundi ilikuwa kazi safi. Mtumiaji asingesumbuka hata kidogo. Lakini tarehe 7 Juni 2001 Mossberg akaandika kwamba Microsoft inatumia vibaya mamlaka yake, inaingilia kurasa za watu wengine kupitia mlango wa nyuma. Wengine wakadaka hoja, kelele zikaongezeka, na kabla mwezi haujaisha Microsoft ikatangaza kwamba kitu hicho hakitakuwamo kwenye Windows XP. Kampuni hiyo ilikuwa bado mahakamani na serikali ya Marekani kwa kesi ya ukiritimba, kwa hiyo si haki kumpa mwandishi mmoja ushindi wote. Hata hivyo, wiki tatu ni muda mfupi sana kwa kampuni ya ukubwa ule kurudi nyuma.

Nalitaja jambo hili kwa kirefu kwa sababu lilikuwa tofauti na kazi yake ya kila Alhamisi. Kwa kawaida aliuliza: je, kitu hiki ni rahisi kukitumia? Safari hii aliuliza: urahisi huu unamnufaisha nani? Swali la pili alilirudia mara chache katika kazi yake, na kila alipolirudia aliandika vizuri zaidi.

Alilirudia mwaka 2007, mara mbili. Mwezi Aprili alilalamikia kompyuta mpya zinazouzwa zikiwa zimejazwa takataka za kibiashara: programu za majaribio, matangazo, mialiko ya kujiunga na hiki na kile, zote zikigombea kufunguka mashine inapowashwa. Alikuwa amenunua Sony kwa fedha zake na kuikuta hivyo. Aliyenunua simu mpya Kariakoo au Luthuli Avenue miaka ya karibuni akakuta michezo asiyoitaka, duka asilolijua, na kivinjari cha pili kisichofutika, hahitaji kuelezwa. Mwezi Oktoba akawageukia waendeshaji wa mitandao ya simu wa Marekani, akawafananisha na wizara za Kisovieti. Kwa mtu aliyeandika habari za Vita Baridi, tusi hilo lilikuwa na uzito. Huko kwao kampuni ya simu ndiyo iliyoamua simu gani iuzwe, iwe na programu zipi, na ifungwe isikubali laini ya mtandao mwingine. Msomaji wa Afrika Mashariki, aliyezoea kununua simu popote, kutia laini mbili na kuhama mtandao vifurushi vikipanda bei, hapa anaweza kujiona ameendelea.

Kati ya miezi hiyo miwili ndipo ilipokuja simu iliyobadilisha kila kitu, na Mossberg alikuwa mmoja wa waandishi wanne tu waliopewa iPhone kuijaribu kabla haijauzwa. Wengine walikuwa David Pogue wa The New York Times, Steven Levy wa Newsweek na Edward Baig wa USA Today. Uhakiki wake, alioandika pamoja na msaidizi wake Katherine Boehret, ulitoka siku chache kabla ya mauzo kuanza tarehe 29 Juni 2007. Shaka kuu ya watu wakati ule ilikuwa kibodi: nani ataandika kwenye kioo kitupu kisicho na vitufe? Mossberg alisema kwamba siku za mwanzo alitamani kuitupa simu dirishani. Kufika siku ya tano alikuwa anaandika kwa kasi ileile aliyoizoea kwenye simu yake ya Treo yenye vitufe. Aliisifu, na papo hapo akalalamikia mtandao wa AT&T uliokuwa wa polepole. Mtu anayehakiki kwa siku moja asingeweza kuandika habari ile ya kibodi. Angeishia kwenye hasira za siku ya kwanza.

Hapa ndipo wakosoaji wake wanapoinua mkono. Kwa nini yeye apewe simu na wengine wasipewe? Hakuwa karibu mno na Apple?

Alikuwa karibu, na mwenyewe hakuficha. Steve Jobs aliporudi kuiongoza Apple mwaka 1997, alianza kumpigia simu Mossberg nyumbani Jumapili usiku, wiki kadhaa mfululizo. Mossberg alijua anabembelezwa: hapo nyuma alikuwa amewashauri wasomaji waepuke kompyuta za Apple, na Jobs alitaka arudi upande wake. Lakini alizungumza naye, kwa saa nyingi, na baada ya Jobs kufariki Oktoba 2011 aliyaandika hayo waziwazi. Aliandika pia kuhusu siku alipomtembelea Palo Alto baada ya Jobs kupandikizwa ini. Jobs, amekonda, alisisitiza watembee kwa miguu hadi bustani ya karibu. Njiani akasimama, anahema, hali yake mbaya, na Mossberg akaanza kuona kichwa cha habari cha kesho yake: mwandishi asimama bila msaada Jobs akifia kando ya barabara. Wakapumzika, wakafika, wakakaa kwenye benchi wakazungumza.

Mtu uliyeketi naye kwenye benchi namna ile ni vigumu kumwandikia vibaya. Sisemi haiwezekani, maana kuna ushahidi wa mwaka 2008. Julai ile Apple ilizindua MobileMe, huduma ya dola 99 kwa mwaka iliyoahidi kuoanisha baruapepe, kalenda na anwani kati ya simu na kompyuta. Haikufanya kazi. Barua zilipotea, kalenda zilichanganyikana. Mossberg akaandika kwamba hawezi kuipendekeza kwa mtu yeyote. Jarida la Fortune lilikuja kusimulia miaka mitatu baadaye kilichofuata: Jobs aliwakusanya waliotengeneza huduma hiyo kwenye ukumbi wa makao makuu ya Apple, akawauliza MobileMe inapaswa kufanya nini, akapewa jibu, akauliza kwa matusi mbona basi haifanyi hivyo. Akawaambia wameichafua Apple, na kwamba Mossberg, rafiki yao, haandiki tena mema juu yao. Palepale akateua kiongozi mpya wa kazi hiyo.

Neno “rafiki” ndilo linalokwama kooni. Safu ilikuwa huru. Safu ilisema kweli. Ila mkuu wa kampuni alimhesabu mwandishi kuwa mtu wao aliyewasaliti. Katika uandishi wa teknolojia ukaribu huo ndio mtaji na ndio deni. Bila huo hupati iPhone siku kadhaa kabla ya wengine. Ukiwa nao, kuna watu wanaokutazama kama jamaa.

Deni hilo liliongezeka kwa sababu ya kitu alichokianzisha mwaka 2003 na Kara Swisher, mwandishi mwenzake wa gazeti lilelile, aliyejulikana kwa ulimi mkali na kwa kujua siri za makampuni kabla ya wakurugenzi wao. Ulikuwa mkutano wa kila mwaka ulioitwa D, huko California, wenye kiingilio cha maelfu ya dola. Masharti yake yalikuwa mapya kwa mikutano ya aina hiyo: hakuna hotuba iliyoandikwa, hakuna picha za ukutani za kusomea, mgeni anakaa kwenye kiti chekundu na kuulizwa maswali mbele ya washindani wake.

Uliofanyika Carlsbad mwaka 2007 ndio unaokumbukwa zaidi, kwa kuwa Jobs na Bill Gates wa Microsoft walikubali kuketi jukwaani pamoja. Ilikaribia kuharibika. Mchana wa tarehe 30 Mei, akihojiwa peke yake, Jobs alizungumzia iTunes kwenye kompyuta za Windows, akasema ni kama kumpa maji ya barafu mtu aliyeko motoni. Ukumbi ukacheka. Nyuma ya pazia Gates hakucheka. Wawili hao walipokutana kabla ya kupanda jukwaani, Gates akamwambia Jobs kwamba bila shaka yeye ndiye mwakilishi kutoka motoni. Jobs hakujibu kitu. Alikuwa na chupa ya maji baridi mkononi, akampa. Baada ya hapo walizungumza kwa zaidi ya saa nzima, na kwa upole ambao hakuna aliyeutegemea. Miaka mitatu baadaye, kwenye viti vilevile, Mark Zuckerberg wa miaka 26 aliulizwa kuhusu faragha za watumiaji wa Facebook akatokwa na jasho mpaka akavua koti lake.

Waandishi wanaoandaa hafla na kuwaalika wanaowaandikia, kisha wanaandika habari za kilichotokea pale, wamejenga mahali ambapo ugomvi una gharama. Usipomwalika fulani, ukumbi haujai. Nikipima pande zote, bado naona mkutano ulileta zaidi ya ulichopoteza, kwa sababu ya maswali: jasho la Zuckerberg halikutokana na taarifa kwa vyombo vya habari. Lakini siwezi kuwalaumu waliouona kama bahasha iliyogeuzwa, safari hii kampuni ndizo zikitoa muda wa wakubwa zao na waandishi wakipokea hadhi.

Mwisho wa 2013 Mossberg na Swisher waliondoka The Wall Street Journal, wakati huo mali ya News Corp ya Rupert Murdoch, na tarehe 2 Januari 2014 wakazindua Recode, chombo chao wenyewe cha mtandaoni. Mwaka uliofuata kampuni ya Vox Media ikainunua, na Mossberg akahamishia safu yake kwenye tovuti ya The Verge. Hapo aliandika makala nzuri, ikiwemo ya Februari 2016 iliyoisuta Apple kwa programu zake kuzorota. Lakini mambo yalikuwa yamebadilika. Vijana kama Marques Brownlee, aliyeanza kurekodi video za uhakiki akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, walikuwa wakitazamwa na mamilioni, kifaa kikionekana kwa karibu mpaka mikwaruzo. Na kifaa chenyewe kilikuwa hakihitaji tena mtetezi. Mtoto wa miaka miwili alikuwa anaifungua simu ya mama yake bila kufundishwa.

Vita aliyoitangaza 1991 ilikuwa imeisha kwa ushindi, na hapo ndipo kipimo chake kilipoanza kumwangusha. Facebook haikuwa ngumu kutumia. Hakuna aliyewahi kuhitaji safu ya gazeti imwelekeze jinsi ya kupakia picha ya harusi. Matatizo yake yalikuwa kwenye swali lile la pili, la Smart Tags, na vyombo vya habari vya teknolojia kwa miaka mingi vililiuliza kwa sauti ndogo kwa sababu vilikuwa vimekulia kwenye swali la kwanza. Safu ya mwisho ya Mossberg, ya tarehe 25 Mei 2017, inaonyesha kwamba aliliona hilo. Alitabiri kompyuta itakayotoweka machoni, iliyofichwa kwenye kuta, magari na nguo, ikisubiri kuitwa. Kisha akataka makampuni yalazimishwe, kwa viwango na kwa sheria, kulinda faragha na usalama wa watu watakaoishi ndani yake. Mhakiki wa bidhaa anayemaliza kazi kwa kudai sheria amesafiri mbali kutoka kwenye CONFIG.SYS.

Alistaafu mwaka huohuo. Akajiunga na bodi ya News Literacy Project, shirika linalowafundisha wanafunzi wa Marekani kutofautisha habari na uzushi. Desemba 2018, baada ya karibu miaka 12 ya kuitumia, akatangaza kuwa anajiondoa Facebook, na Instagram pamoja nayo, kwa kuwa sera na matendo ya kampuni vilikuwa vimeachana na maadili yake kiasi cha kumkosesha raha ya kubaki humo.